Namna ya Kumkomesha Mteja Aliyelipa

Hongera, ndugu mtengeneza gemu. Umekesha miaka mitatu, umekunywa kahawa mpaka tumbo limekuwa betri ya gari, umenuniana na mchoraji wako kwa sababu ya rangi ya majani, na hatimaye kazi imekwisha. Gemu ipo na inachezeka. Kesho inaingia sokoni. Sasa kaa chini, vuta pumzi, ujiulize swali la usiku huu: nitawasumbuaje wateja wangu?

Usishtuke. Najua ulidhani swali ni namna ya kumzuia mwizi. Mwizi tulishamwacha zamani. Jina lake hulijui, anakokaa hukujui, na ukimwekea kufuli asubuhi, jioni ameshalifungua na kuandika jina lake la utani juu yake kwa herufi za kumeremeta. Mteja aliyelipa ndiye unaye mkononi. Amekupa barua pepe, amekupa namba ya kadi ya benki, na hakimbii. Umemwona yule mlinzi wa supamaketi anayetoboa risiti mlangoni? Aliyeficha biskuti kwenye koti alipita kitambo akimsalimia. Anayesimamishwa ni bibi mwenye unga na sabuni, tena mikono yote miwili imejaa, na risiti yenyewe iko chini kabisa ya mfuko. Biashara ya gemu imekuwa ikimsimamisha bibi huyo kwa zaidi ya miaka 40. Humu nimekukusanyia mbinu zake bora.

Anza na mahubiri

Kufuli bila mahubiri halina baraka. Tarehe 3 Februari 1976, kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta. Alilalamika kwamba hata asilimia 10 ya wenye kompyuta ya Altair hawakuwa wameinunua programu ya BASIC aliyoitengeneza na wenzake. Walikuwa wanapeana tu utepe wa karatasi wenye matundu ulioibeba, kama watu wanavyopeana mbegu za mchicha. Akawaambia wazi kuwa wengi wao ni wezi. Barua ikachapishwa kwenye majarida yao, na wale wachache waliolipa wakaisoma pia, wakapata sehemu yao ya karipio. Huo ndio ustadi wenyewe: karipio halichagui.

Mwaka 1992 chama cha wachapishaji wa programu cha Marekani kilipeleka mahubiri shuleni kwa video ya rapu iitwayo Don't Copy That Floppy. Watoto, kama tunavyojua, hawana kitu wanachokitii kama mtu mzima anayewakataza jambo kwa kurapu.

Kisha mnyang'anye macho

Wahenga walidai mwenye macho haambiwi tazama. Hawakuwahi kukutana na Lenslok.

Gemu ya Elite ilipoletwa kwenye kompyuta ya ZX Spectrum mwaka 1985, ndani ya kasha palikuwa na Lenslok yenyewe: kijidude cha plastiki kinachokunjwa, chenye lenzi ya mistari mistari. Ulipakia gemu kutoka kwenye kanda, ukasubiri dakika kadhaa huku redio kaseti ikipiga mayowe, kisha skrini ikakuonyesha herufi mbili zilizovurugwa kama tambi. Hapo unatoa kijidude chako, unakibandika karibu na kioo cha televisheni, unafumba jicho moja, unainamisha kichwa, na kama Mungu yupo upande wako herufi zinajipanga. Ilibidi kwanza uipime picha ilingane na ukubwa wa televisheni yako. Ikiwa televisheni ni kubwa mno au ndogo mno, pole. Na kilele cha sanaa hiyo ni kwamba baadhi ya makasha ya Elite yalitoka kiwandani na lenzi ya gemu nyingine. Mtu kalipa fedha yake halali, kanunua dukani, kafika nyumbani, kapewa ufunguo wa nyumba ya jirani.

Huwezi kumudu plastiki? Tumia karatasi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jet Set Willy ilikuja na kadi yenye vijiraba 180 vya rangi. Gemu inakutajia kijiraba, wewe unabonyeza rangi zake. Mashine za kudurufu kwa rangi zilikuwa adimu, kwa hiyo hesabu ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa kwa wasiotofautisha rangi vizuri, ambao nao kumbe huwa wananunua gemu. Wengine walichapa kadi ya siri kwa wino mweusi juu ya karatasi ya rangi ya damu ya mzee, kama walivyofanya wa SimCity ya kwanza mwaka 1989, ili mashine ya kudurufu isione kitu. Mashine haikuona, na mwenye gemu naye hakuona vizuri. The Secret of Monkey Island ya 1990, gemu ya maharamia wa baharini, ililetwa na gurudumu la karatasi la kuzungusha mpaka nusu mbili za uso wa haramia zikutane. Nakiri hilo lilipendeza. Lakini likipendeza sana linapoteza lengo, maana mteja anaanza kucheza na kufuli.

Mbinu iliyokuwa ya kawaida kuliko zote ni kitabu cha maelekezo: fungua ukurasa wa 12, mstari wa 4, andika neno la 3. Kitabu kimeanguka nyuma ya kabati? Mwambie kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kimeliwa na panya? Panya naye hakununua.

Hapa niruhusu nitoke nje ya mada, kwa sababu mimi ni mhanga, na mhanga ana haki ya kusimulia. Mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha gemu: televisheni mbili, PlayStation mbili zilizochipiwa, benchi la mbao, na mwenye kibanda aliyekuwa na saa ya ukutani na moyo wa chuma. Sidii zake zote zilikuwa za kubani, zimeandikwa jina kwa maka peni na kupangwa kwenye vimfuko vya nailoni. Mchana mmoja tulikuwa tunamsukuma mwenzetu mmoja ndani ya Metal Gear Solid, gemu ya 1998 ya kampuni ya Konami. Tulikuwa tunasukuma kwa ushauri, maana pedi ni moja na washauri ni saba. Kwenye gemu mtu fulani anamwambia shujaa wetu amtafute dada mmoja kwa redio, na masafa yake yako nyuma ya kasha la sidii.

Kasha gani?

Tulilitafuta kasha ndani ya gemu yote. Tulirudi vyumba tulivyokwishapita, tukapiga tena askari tuliokwishapiga. Shujaa alikuwa na diski moja mfukoni, tukaigeuza na kuigeuza. Mmoja wetu, ambaye leo ni mwalimu, akashauri tumuue shujaa ili mzungumzaji arudie maneno. Kumbe kasha lililotajwa ni lile la dukani, la plastiki, lenye picha nyuma, na kwenye picha mojawapo masafa yameandikwa: 140.15. Sisi kasha letu lilikuwa mfuko wa nailoni uliowahi kubeba karanga. Tuliokolewa na mtoto wa darasa la tatu aliyechoka kusubiri zamu. Akachukua pedi, akaanzia 140.00, akapiga, kimya, 140.01, kimya, akaendelea hivyo hivyo kama konda anayedai nauli siti kwa siti, na ya kumi na sita ikapokelewa. Kufuli la kimataifa lilizuia kibanda kile kwa muda wa shilingi mia nne. Waliolia kwa miaka ni waliokodi gemu hiyo kihalali kwenye maduka ya Marekani, wakapewa kasha jingine la duka la kukodisha.

Haribu na chombo chake

Mbinu hii siku hizi imesahauliwa, na ni hasara. Enzi za kompyuta ya Commodore 64, watengenezaji waliandika makosa ya makusudi kwenye flopi. Gemu halisi ilikwenda kulitafuta kosa, ikilikuta inajua flopi ni ya kweli, kwa sababu mashine ya kawaida ya kunakili haikuweza kulinakili kosa. Busara kubwa: uthibitisho wa uhalali ni ubovu. Ila kifaa cha kusomea flopi, modeli ya 1541, kilipokuta kosa kilikuwa na tabia ya kurudisha kichwa chake mwanzo kwa kukigongesha kwenye kizuizi, ta-ta-ta-ta, mlio wa fundi seremala. Kigonge vya kutosha na kichwa kinatoka kwenye mstari. Baada ya hapo hata flopi nzuri hazisomeki, mteja anapeleka kifaa kwa fundi. Mwenye nakala iliyovunjwa kufuli hakuusikia mlio huo. Gemu yake haikuwa na kosa la kutafuta.

Mpe gemu kwa mgawo

Flopi zikafa, sidii zikaja, na kufuli likahamia ndani ya kompyuta yenyewe. Zilizotamba ni SafeDisc, SecuROM na StarForce. Hizi ni kama mgeni anayekuja na sanduku: unaweka gemu, naye anaingia chumbani, anajichimbia chini kabisa kwenye mfumo wa Windows, na gemu ukiifuta yeye anaweza kubaki. Kazi yake ni kukagua kama sidii halisi imo kwenye mashine kila unapotaka kucheza. Sidii ikichubuka, mgeni hakutambui.

Lakini mfano wa kufundishia darasani ni Spore. Electronic Arts iliitoa Septemba 2008, gemu iliyosubiriwa miaka, unaanza ukiwa kijidudu kwenye maji na unamalizia angani. Iliwekewa SecuROM iliyokuruhusu kuiwasha kwenye kompyuta tatu. Si tatu kwa wakati mmoja. Tatu, basi. Ukibadilisha kompyuta, au ya kwako ikifutwa na kuwekwa upya kama ilivyokuwa kawaida ya Windows ya miaka ile, umekula moja. Zikiisha, piga simu ujieleze kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Wateja walikwenda kwenye duka la Amazon wakaijaza gemu maoni ya nyota moja, zaidi ya elfu mbili. Tovuti ya TorrentFreak ikakadiria kwamba hadi mwaka unaisha Spore ilikuwa imepakuliwa kiharamia mara milioni 1.7, ikiongoza gemu zote za mwaka huo. Maharamia waliweza kuiweka mara ngapi? Mara walizotaka. Kampuni, kwa huruma, ikaongeza mgawo ukawa kompyuta tano.

Mfunge kamba ya kitovu

Mgawo una kasoro moja: ukishapita ukaguzi unaachwa ucheze kwa amani. Mwaka 2010 Ubisoft iliziba pengo hilo kwa Assassin's Creed II ya kompyuta. Gemu ya mchezaji mmoja, ambaye hahitaji mtu mwingine yeyote, ilitaka intaneti muda wote. Laini ikikatika, mchezo unasimama. Jaribu kuwaza mteja wa Mwanza aliyeinunua kwa kadi ya kuazima: yuko juu ya paa la kanisa huko Italia ya karne ya 15, kisu mkononi, adui yuko chini yake, na kifurushi kinakwisha. Lakini hukuwa na haja ya kwenda Mwanza. Mwezi huo huo wa Machi ilipotoka, seva za kampuni zilishambuliwa, na wateja wa Ulaya na Marekani wenye intaneti ya kasi wakakodolea macho skrini iliyokataa kufunguka.

Electronic Arts ilipoona hivyo ikasema nasi tusipitwe. SimCity mpya ilitoka Machi 2013, lazima uwe mtandaoni hata kama unajenga mji wako peke yako. Seva zikazidiwa siku ya kwanza. Watu walipanga foleni kuingia kwenye mji ambao wao ndio mameya wake. Amazon ikasimamisha kwa muda kuiuza kwa kupakua. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba hesabu nzito za mji zinafanywa kwenye seva, hivyo haiwezekani kucheza bila mtandao. Haukupita muda, mdadisi mmoja akaonyesha kwamba mji unaendelea kuishi vizuri tu ukiwa umekatwa. Wateja wakapewa gemu moja ya bure ya kuwafuta machozi, na baada ya mwaka mmoja lisilowezekana likawezekana: toleo la kucheza bila mtandao likaletwa.

Ukikwama, kamwazime mwizi

Mwaka 2008 Ubisoft ilitoa kiraka cha kurekebisha gemu ya Rainbow Six Vegas 2 ambacho kwa bahati mbaya kikawazuia walioinunua kwa kupakua: gemu ikaanza kuwadai sidii, nao sidii hawana. Hapo mtu wa huduma kwa wateja akaleta faili la kuondoa tatizo. Wadadisi wakalifungua, wakakuta ndani yake saini ya kikundi cha Reloaded, kikundi cha wavunja kufuli. Kampuni ilikuwa imemponya mteja kwa dawa ya haramia. Sikulaumu ukicheka, ila angalia uchumi wake: haramia alifanya kazi hiyo bure, kwa haraka, na ilifanya kazi.

Somo hilo lilirudi mwaka 2021 na Resident Evil Village ya Capcom. Wanunuzi walilalamika kwamba gemu inagwaya kila wanapompiga zombi risasi. Ikavunjwa kufuli, na waliolipima toleo la haramia wakakuta linateleza bila kugwaya. Capcom ikatoa kiraka. Na wale wa Rime ya 2017, waliojigamba kwamba kufuli la Denuvo likivunjwa watalitoa wenyewe, lilivunjwa ndani ya wiki moja, nao wakatimiza ahadi.

Mambo ya kuepuka

Kuna watengenezaji wasio na nidhamu ambao humsumbua haramia mwenyewe na kumwacha mteja acheze. Usiwaige. Kwa mfano gemu ya Michael Jackson: The Experience ya Nintendo DS, mwaka 2010, mwaka ule ule wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini: ukicheza nakala ya wizi, nyimbo zinafunikwa na mavuvuzela. Wakroatia waliotengeneza Serious Sam 3 walimfungulia haramia nge wa rangi ya waridi, mwenye bunduki na mbio za kichaa, asiyekufa kwa risasi yoyote. Watu walicheka, wakaonyeshana, wakazungumzia gemu bure bila kulipwa. Aibu tupu.

Wabaya zaidi ni ndugu wawili wa Greenheart Games. Mwaka 2013 walipotoa Game Dev Tycoon, gemu ambayo mchezaji anaendesha kampuni ya kutengeneza gemu, waliipakia wenyewe nakala ya wizi kwenye mtandao siku hiyo hiyo. Nakala hiyo ilikuwa na tofauti moja. Ukicheza saa chache na kampuni yako ya kubuni ikishamiri, unapata taarifa kwamba watu wanaiba gemu zako badala ya kununua, na polepole unafilisika. Siku ya kwanza nakala halali zilikuwa 214, za wizi 3,104. Kisha maharamia wakaanza kuandika wakilalamika kwa uchungu: wanafanyaje, mbona kila gemu nzuri wanayotoa inaibwa, je, kuna namna ya kufanya utafiti wa kufuli ndani ya mchezo? Soma sentensi hiyo mara mbili, ndugu mtengenezaji. Mimi nimeisoma kila mwaka tangu hapo, na hainichoshi.

Yule Mpolandi sitaki hata kumtaja, lakini utamsikia kwingine, bora umsikie kwangu. Marcin Iwiński alianza ujanani akiuza gemu za kunakili sokoni Warsaw, akaja kuanzisha kampuni ya CD Projekt. Wapolandi walizoea kununua nakala za mtaani. Wengi wakasema soko hilo limekufa. Mwaka 1999 akawaletea Baldur's Gate iliyotafsiriwa kwa Kipolandi, ikiwa na sauti za waigizaji wao, ndani ya kasha zito lenye vikorombwezo ambavyo muuza sokoni hakuweza kuvibani. Watu wakanunua. Baadaye kampuni hiyo hiyo ikaanzisha duka la GOG linalouza gemu bila kufuli lolote, na The Witcher 3 ya mwaka 2015 ikatoka bila kufuli, ikauzwa kwa mamilioni. Ni mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ya mnada, kwa hiyo anajua mteja anatafuta nini, na ujuzi wa aina hiyo ni hatari kwa biashara yetu.

Mwisho, mfuate hadi kaburini

Mteja akishakuwa mzee na gemu ikawa ya zamani, usidhani kazi imekwisha. Mwaka 2015 Microsoft ilipotoa Windows 10 ilikataa kuiendesha SafeDisc, kwa kuwa yule mgeni wa sanduku alikuwa pia tundu la kupitishia wavamizi. Makabati mazima ya sidii halali yakafa siku moja. Zile za kubani zilizotolewa kufuli zikaendelea kama kawaida. Na tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na kwa kuwa haikuchezeka bila seva, hata aliyekuwa akiendesha peke yake usiku barabarani alishushwa. Wateja wakaanzisha kampeni ya kudai gemu zisiuawe. Huko Ulaya sahihi zimepita milioni moja. Hao ni watu waliolipa, tena wanataka kuendelea kucheza. Umeona walivyo wasumbufu?

Mimi mwenyewe ninayo sidii moja halisi, niliyoinunua mjini kwa mshahara wangu wa kwanza, kasha lake halijavunjika hata bawaba. Mwaka jana niliipeleka kwa fundi kompyuta pamoja na laputopu, kwa sababu ilikuwa inakataa kufunguka. Kijana akaigeuza kwenye mwanga, akaipuliza, akaijaribu, akatikisa kichwa.

"Mzee, tatizo hii ni orijino."

"Sasa?"

"Ungeniletea feki, ingekuwa dakika mbili." Akavuta droo, akatoa flashi yenye plasta ya kidonda imeandikwa kwa peni: GEMU ZA ZAMANI. Akachomeka. Niliona mshale wa kipanya ukitembea, kisha ule muziki wa mwanzo, ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka kumi.

Nikamuuliza bei.

"Gemu si umeshainunua, mzee? Nipe ya ufundi tu."